Tupeni programu moja fupi kila wiki, ya kompyuta za 1982

Mhariri,

Nimekuwa nafuatilia barua za wasomaji kuhusu vijana na kuandika programu za kompyuta, wazazi wanauliza mtoto aanzie wapi, walimu wanasema vifaa hamna, wengine wanashauri kijana aende moja kwa moja kwenye app za simu maana huko ndo kwenye hela. Mi nina ushauri tofauti na nina ombi kwenu pia. Ushauri wangu ni kwamba programu ya kwanza kabisa ambayo kijana anaikompaili mwenyewe, yaani anaigeuza kutoka maneno aliyoandika kuwa namba ambazo mashine inazielewa, iwe ya kompyuta za nyumbani za miaka ya themanini, Commodore 64 au ZX Spectrum. Ombi ni mtupe kona ndogo gazetini, programu moja fupi kila wiki, msomaji aichape kwa mkono wake na aione inafanya kazi.

Najua swali la kwanza ni hizo kompyuta zitatoka wapi. Hatuhitaji kuzinunua. Kuna emuleta, yaani programu inayoigiza mashine nzima ndani ya laptopu, ya Commodore inaitwa VICE na ya Spectrum ipo inaitwa Fuse, zote bure. Ukifungua VICE inakuja skrini ya bluu, juu imeandikwa COMMODORE 64 BASIC V2, BASIC ni lugha ya kuandikia programu iliyokuja ndani ya mashine, chini yake inakwambia una baiti 38911 za kufanyia kazi, halafu READY na kale kamraba kanawaka na kuzima kanakusubiri wewe. Ndivyo ilivyokuwa 1982 na ndivyo ilivyo leo, hamna akaunti ya kufungua, hamna nywila, hamna kusubiri isasishe. Umewasha, andika.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Tanga na Jumamosi huwa nakaa na vijana wa mtaani kwetu, wengine wako kidato cha pili, wengine wamemaliza cha nne wako nyumbani wanasubiri matokeo. Laptopu zetu ni za mtumba, zipo ambazo betri ilishakufa zamani, umeme ukikatika na yenyewe inazima hapohapo. Sasa kijana wa namna hii ukimwambia atengeneze app ya simu, vifaa vya kutengenezea tu ni gigabaiti kadhaa za kushusha na vinataka memori ambayo mashine yake haina, bando linaisha hajaandika hata mstari mmoja, anakata tamaa na anaondoka anaamini yeye ndo hana akili ya haya mambo. Hilo linaniuma sana maana si kweli. Kompaila tunayotumia sisi inaitwa cc65, ni ndogo, kwenye Ubuntu unaandika sudo apt install cc65 imeisha hiyo, kwenye Windows unashusha faili moja la zip unalifungua basi. Na leseni yake inaruhusu kugawa, kwahiyo mmoja akishusha wenzake wote wanachukua kwa fleshi bila kugusa intaneti.

Kwa wasiozijua hizi mashine, Commodore 64 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Las Vegas Januari 1982 na ikaingia sokoni mwaka huohuo kwa dola 595, memori yake kilobaiti 64, prosesa yake, yaani ile chipu inayotekeleza maagizo, inaitwa 6510 na inapiga kama mizunguko milioni moja kwa sekunde. Aprili mwaka huohuo Clive Sinclair kule Uingereza akatoa ZX Spectrum, pauni 125 yenye kilobaiti 16 na pauni 175 yenye kilobaiti 48, prosesa yake Z80, vitufe vyake vya mpira. Zote mbili unachomeka kwenye televisheni ya sebuleni na programu unaipakia kutoka kwenye kaseti, hizihizi tulizokuwa tunasikilizia taarabu. Familia ya kawaida huko Ulaya na Marekani iliweza kujibana ikanunua, na sababu mojawapo ni bei ya prosesa, maana 6502 ambayo ndo mama wa ile ya Commodore ilitoka 1975 ikiuzwa dola 25 wakati za wapinzani zilikuwa zaidi ya dola mia.

Huku kwetu zilitupita. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Zanzibar walikuwa na kituo chao cha televisheni, ila bara tulikaa mpaka 1994 ndo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo, sasa kompyuta inayotaka televisheni ungeichomeka wapi? Sisemi hivi kumlaumu mtu, nchi ilikuwa na shida ya fedha za kigeni na waliokuwepo waliamua kwa walichokiona wakati ule. Nasema kwa sababu matokeo yake tunaishi nayo mpaka leo.

Angalieni waliopata nafasi hiyo walifika wapi. Linus Torvalds aliyeanzisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, alianzia utotoni Helsinki kwenye Commodore VIC-20 ya babu yake. Sophie Wilson aliandika BASIC ya BBC Micro, kompyuta ya nyumbani na ya shuleni iliyotengenezwa na kampuni ya Acorn kule Cambridge, halafu yeye na Steve Furber palepale Acorn wakabuni prosesa ya ARM ambayo ya kwanza ilifanya kazi 1985. Sasa chukua simu yako ya Android hapo ulipo, karibu kwa hakika prosesa yake ni ya ukoo wa ARM na ndani yake kuna Linux. Vyote viwili vimetoka mikononi mwa watu waliokaa na mashine ndogo wakazijua mpaka uvunguni. Sisi tulipanda gari hili simu ikiwa imeshakamilika na imefungwa, tunaitumia vizuri sana, tunatumiana hela, tunanunua umeme wa luku, lakini ndani yake hatujachungulia, na mtoto akitaka kuchungulia akianzia kwenye simu hiyohiyo anakutana na ukuta kila upande.

Sasa nieleze kinachotokea siku ya kwanza, maana hapa ndo penyewe.

Kijana anaandika faili la C, ambayo ni lugha ya kuandikia programu, analiita habari.c, ndani mistari michache ya kuandika Habari Tanga kwenye skrini. Halafu kwenye lile dirisha la amri anaandika hivi:

cl65 -t c64 -o habari.prg habari.c

Anabonyeza Enter na kama hamna kosa haijibu kitu, kimya. Wengi hapo wanadhani imegoma. Ukiangalia kwenye folda kuna faili jipya habari.prg, kilobaiti chache tu, dogo kuliko picha yoyote uliyonayo WhatsApp. Unaliburuta unaliachia juu ya dirisha la VICE, linapakiwa, na Habari Tanga inatokea kwenye ile skrini ya bluu ya 1982. Furaha inayotokea hapo naomba mniamini, nimeona vijana wanaitana kutoka nje waje waone maneno mawili.

Huwa siishii hapo, maana mpaka hapo ni kama amebonyeza kitufe tu. Ile amri moja imefanya kazi tatu, kwanza cc65 imegeuza C kuwa asembli, yaani maagizo ya prosesa yaliyoandikwa kwa vifupisho vya maneno, kisha ca65 imegeuza asembli kuwa namba za mashine, kisha ld65 imeunganisha na vipande vya maktaba na kupanga kila kitu kikae wapi kwenye memori. Ukitaka kuiona hatua ya kwanza unaweka -S mahali pa -o habari.prg, inasimama hapo na kukuachia habari.s, unalifungua kwa notipedi unasoma lda, ldx, jsr, yaani weka nusu ya anwani ya yale maneno, ile namba ya mahali yalipo kwenye memori, kwenye A, nusu nyingine kwenye X, nenda kwenye kazi ya kuandika kisha urudi. Imeisha. Mtoto wa kidato cha pili anaelewa mchana mmoja, manake prosesa yenyewe ina rejista tatu za kufanyia kazi, yaani vijisanduku vya kushikia namba, A na X na Y, unaweza kuzichora kwenye karatasi ukazifuata kwa penseli mstari kwa mstari.

Baada ya hapo tunalifungua lile habari.prg lenyewe kwa programu ya kuonyesha baiti moja moja. Mbili za kwanza ni 01 08. Hiyo ni anwani, ndogo inatangulia kubwa inafuata, 8 mara 256 jumlisha 1 unapata 2049, na hapo ndo programu za BASIC huanzia kwenye memori ya Commodore. Mbele kidogo unakuta 9E, herufi imo kwa sababu baiti hizi huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, hiyo ni amri ya SYS imefupishwa kuwa baiti moja, ikifuatiwa na tarakimu 2061. Maana yake kompaila imetanguliza kijiprogramu cha BASIC cha mstari mmoja kinachosema nenda 2061, na huko ndo programu yenyewe ilipo, kwahiyo mashine inaona imeletewa BASIC ya kawaida, mtu anaandika RUN na kazi inaanza. Ukiandika LIST unauona ule mstari kwa macho yako.

Ukisonga mbele unaitafuta ile salamu na upande wa herufi unaona .ABARI .ANGA, zile kubwa zimekuwa nukta na ndogo zimekuwa kubwa. Hapo huwa kuna ubishi mkubwa, mmoja anasema faili limeharibika, mwingine anasema kirusi. Jibu ni kwamba Commodore ilikuwa na mpangilio wake wa namba za herufi unaoitwa PETSCII, kwake a ndogo ni 65 wakati kwenye laptopu 65 ni A kubwa, na H kubwa kwake ni 200 ambayo kwenye mpangilio wa msingi wa laptopu, ASCII, unaoishia 127, haimo kabisa. Kompaila ilijua inapeleka wapi ikabadilisha yenyewe kimyakimya. Kijana akishaliona hili anaelewa kwa nini kuna meseji zinafika simuni na vimiraba vitupu badala ya maneno, na kwa nini orodha ya majina ikihamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine majina mengine yanatoka yamevurugika, sababu ni hiyohiyo, pande mbili hazijakubaliana namba ipi ni herufi ipi.

Kuna zoezi jingine nalipenda kuliko yote. Commodore ina anwani 53280 ambayo inashika rangi ya ule ukingo unaozunguka skrini, ukiweka 2 unakuwa mwekundu, ukiweka 5 unakuwa kijani. Kwanza tunaandika kwa BASIC kwa amri ya POKE, weka 2, weka 5, rudia bila kukoma. Kwenye ukingo unaona mikanda minene ya nyekundu na kijani inatembea. Kisha tunaandika kilekile kwa C tunakompaili tunapeleka, na mikanda inapotea, panakuwa na vipande vifupi vifupi, rangi inabadilika mara kadhaa ndani ya mstari mmoja tu wa skrini. Mashine ni ileile, kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba BASIC inausoma kila mstari upya kila inapoufikia, inatafuta hii POKE maana yake nini, hii namba ni ngapi, ndo ifanye, na programu iliyokompailiwa hayo yote yalishamalizwa kwenye laptopu, prosesa inakuta maagizo yake yako tayari. Unaweza kulieleza hili kwa saa nzima ubaoni kwa chaki na wasikuelewe, hapa wanaliona kwa sekunde kumi, na wanaona pia kwamba prosesa ina kasi inayopimika, kwamba inakimbizana na ile miale inayochora picha kwenye televisheni.

Na faili lilelile la habari.c tunalipeleka kwenye Spectrum kwa kompaila nyingine, z88dk, nayo bure. Hatubadilishi hata herufi moja kwenye C. Ila ukichungulia namba zinazotoka, za Commodore ni tofauti kabisa na za Spectrum, kwa mfano agizo la kuweka namba kwenye A kwa 6510 ni A9 na kwa Z80 ni 3E, ukiipelekea moja maagizo ya mwenzake itafanya vurugu. Ndo pale kijana anaelewa kompaila inafanya kazi gani hasa na kwa nini app ya simu huwezi kuichukua tu ukaiendesha kwenye laptopu.

Sasa nije kwenye shilingi, na hapa naomba hata wasiopenda kompyuta wanisikilize. Kijana mmoja aliandika programu ya duka la mama yake, bei ya mfuko wa saruji shilingi 17,000 mara mifuko miwili. Commodore ikajibu hasi 31,536. Akarudia, hasi 31,536. Akapeleka kwenye Spectrum, jibu lilelile. Akakompaili kwa ajili ya laptopu yake, 34,000 sawasawa. Akaja ananiuliza fundi ipi ni mbovu. Hamna mbovu. Kwenye kompaila za hizi mashine namba ya kawaida, ile inayoitwa int, inakaa kwenye baiti mbili, biti 16, yaani nafasi kumi na sita za sifuri au moja, na nusu ya nafasi imetengwa kwa namba hasi, kwahiyo kubwa kabisa inayoingia ni 32,767. Ukizidisha hapo inazunguka inaangukia upande wa hasi, chukua 34,000 toa 65,536 utapata hiyohiyo hasi 31,536, wala haikubahatisha. Dawa yake ni kutumia long ambayo inakaa kwenye baiti nne. Kwa dola pengine usingeigundua haraka, dola 17 mara 2 inaingia bila shida, lakini kwa shilingi yetu mifuko miwili ya saruji inatosha kuujaza mtungi.

Mtu asidhani haya ni mambo ya kale yaliyokwisha. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya Ariane 5 ilipaa mara ya kwanza kutoka Kourou, na haikumaliza hata dakika, ikapinda ikalipuka. Uchunguzi ukaonyesha kuna sehemu programu ilichukua namba ya biti 64 ikaisukuma kwenye nafasi ya biti 16, haikuingia, mfumo wa mwelekeo ukazima. Na mwaka 2038, tarehe 19 Januari, mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa namba ya biti 32 yenye nafasi ya hasi itajaa kwa namna ileile, itaangukia hasi, saa zake zitarudi 1901. Hiyo haiko mbali. Huyu kijana wa saruji atakuwa mtu mzima kazini wakati huo na mimi nataka awe mmoja wa watakaojua wapi pa kuangalia. Kwenye laptopu ya kisasa asingekutana na ule ukuta siku ya kwanza, angeweza kufanya kazi miaka akaja kukutana nao akiwa ameajiriwa mahali na hela za watu ziko ndani ya mfumo.

Kuna wanaoniambia fundi unawapotezea watoto muda, nani atamwajiri mtu anayejua Commodore. Nawaelewa, na kwa mtu ambaye ana miezi mitatu apate kazi aanze kulisha familia simshauri njia hii, huyo ajifunze kile kinachotafutwa sokoni kwake. Mi naongelea mwenye muda, mwenye miaka kumi na nne, kumi na tano. Fundi gari gani alianza kwa kufungua V8 ya siku hizi iliyojaa kompyuta na sensa? Wengi tunaowajua walianza na injini ya pikipiki wakaimaliza yote mpaka mwisho, wakajua mafuta yanaingia wapi na cheche inatoka wapi, na hayo hayakuwapotea walipofika kwenye kubwa. Commodore 64 yote inaingia kwenye kichwa cha mtu mmoja, memori ni anwani 65,536 na unaweza kuwa na ramani yake nzima kwenye karatasi mbili tatu ukajua kila eneo ni la nini. C anayojifunza hapo ndo C hiyohiyo Linux imeandikwa nayo kwa sehemu kubwa, ndo hiyohiyo inayotumika kwenye vidude vidogo vya kuendeshea pampu za maji na mita, na vile vidude kwa habari yenu vina memori ndogo kama za hizi mashine, vingine pungufu zaidi.

Wengine wanasema akili bandia siku hizi inaandika programu yenyewe ya nini kujichosha. Sawa, inaandika, na mi naitumia. Lakini ikikuletea hesabu ya duka yenye hasi 31,536 nani atajua kwa nini? Na hiyo ni rahisi maana alama ya kutoa inaonekana, zidisha mifuko mitano uone, 85,000 inatoka 19,464, namba nzuri kabisa, chanya, haina dalili ya ugonjwa, na mama mwenye duka anapoteza shilingi zaidi ya elfu sitini na tano kwenye mauzo mamoja. Lazima awepo mtu aliyewahi kuona namba inajaa.

Sasa ombi langu. Miaka hiyo ya themanini majarida ya Uingereza na Marekani yalikuwa yanachapisha programu nzima kwenye kurasa zake, msomaji anainunua anaenda nayo nyumbani anaichapa mstari kwa mstari, akikosea nukta moja inagoma anarudi kuangalia. Watu wengi sana walijifunzia hapo. Kuchapa kwa mkono kunakulazimisha usome kila alama, kunakili na kubandika hakukufundishi hivyo. Gazeti lenu linafika mpaka kwenye miji ambayo intaneti ni ya kusuasua, linasomwa na watu watano sita kabla halijafungiwa maandazi, na liko kwa Kiswahili. Skrini ya Commodore inabeba herufi 40 kwa mstari, kwahiyo programu iliyoandikwa kwa upana huo inaweza kukaa kwenye safu ya gazeti bila kukatwakatwa. Mistari kumi na tano inatosha, na maelezo mafupi chini yake ya kila mstari unafanya nini.

Mkikubali naomba mambo machache yazingatiwe na wanaopanga kurasa. Tumieni herufi za upana sawa ili nafasi zionekane. Zile alama za nukuu zibaki zimenyooka, maana programu za kupangia kurasa zina tabia ya kuzipinda zenyewe na kompaila inazikataa zikipinda. Mstari usivunjwe katikati, nukta-mkato isidondoshwe, na herufi ndogo mwanzoni mwa mstari isibadilishwe kuwa kubwa eti kwa sababu ni mwanzo wa sentensi. Kuna majarida yalikuwa yanaweka namba ya uhakiki pembeni ya kila mstari ili msomaji ajue kakosea wapi, na sisi tunaweza kufanya hivyo kwa siku za mbele zikiwa ndefu. Kazi ya kuandika na kuzijaribu hizo programu kwenye Commodore na Spectrum kabla hazijafika kwenu nitaifanya mimi na vijana, bure, na jina la kijana aliyeandika liwekwe chini mzazi wake akiridhia. Hatutaki malipo, nafasi tu.

Naambatanisha ya kwanza hapa ili mwone ukubwa wake, na kama barua hii itachapwa basi naomba na yenyewe ichapwe:

#include <stdio.h>

int main(void)
{
  int bei = 17000;
  int mifuko = 2;

  puts("Habari Tanga");
  printf("Jumla: %d\n", bei * mifuko);
  return 0;
}

Ihifadhini kama habari.c, muikompaili kwa ile amri ya cl65 niliyoandika juu, mpeleke kwenye VICE. Jumla itatoka hasi. Kisha badilisheni int bei iwe long bei, na ile %d iwe %ld, mkompaili tena muone. Wenye hamu zaidi waweke mifuko mitano kabla ya kubadilisha, wajionee hiyo 19,464. Ya wiki inayofuata iko tayari, ni ile ya rangi za ukingo, mistari yake ni pungufu ya hii.

Fundi kompyuta,
Tanga